Platini ya kununua Lubumbashi: volti zina dawa, hezi je?

Wasomaji wa Lubumbashi wananiletea lalamiko moja kwa maneno mbalimbali. Mmoja anasema Franco ameanza kuimba kama mzee aliyeamshwa usingizini. Mama mmoja wa Katuba anaamini santuri za marehemu baba yake zimeoza kwa kukaa, maana gitaa limekuwa zito na mwimbaji ameshuka mpaka kwenye besi. Kijana wa Kampemba anasema kwake muziki unayumba kila friji inapoanza kunguruma. Wote wamekwisha kubadilisha sindano, na kuna aliyeosha santuri zake mpaka karatasi ya katikati ikabanduka.

Santuri hazina kosa. Kosa liko kwenye mota, na lilikuwa limeandikwa kwenye kibandiko cha nyuma ya platini, yaani mashine ya kuchezea santuri, siku ile ile makuta yalipotoka mfukoni.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia rangi ya mbao, wala ipi ina sauti tamu kuliko ipi. Mambo hayo kila muuzaji anayo mdomoni. Nitashikilia hezi, yaani idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde, hadi mnichoke.

Umeme wetu ni volti 220 na hezi 50. Marekani ni volti 120 na hezi 60. Japani ni volti 100, tena nchi imegawanyika: upande wa Tokyo hezi 50, upande wa Osaka hezi 60. Platini nyingi za okazioni, zilizokwisha kutumika, zinazofika kwetu zimetoka huko. Muuzaji anakupa na transfo juu yake, anasema tatizo limekwisha. Transfo inashusha volti tu. Hezi zinapita ndani yake kama zilivyoingia.

Sasa, platini nyingi za zamani zenye mkanda wa kuzungusha sahani inayobeba santuri zina mota ambayo kasi yake inatokana na hezi za ukutani. Iliyotengenezwa kwa hezi 60, ukiichomeka hapa, inazunguka kwa sehemu tano tu kati ya sita za kasi yake. Mizunguko 33 na theluthi kwa dakika inakuwa karibu 28. Wimbo unashuka zaidi ya nusutoni tatu, mwimbaji wa sauti ya juu anageuka besi, na rumba inakuwa muziki wa matanga. Baadhi ya watengenezaji, kama Dual, walikuwa na kigurudumu kidogo cha mota cha hezi 50 na kingine cha hezi 60, na kukibadilisha kulikuwa kazi ndogo. Tatizo ni kukipata leo. Ukisoma nyuma "50/60 Hz", usifurahi haraka: kwa mota ya aina hii maandishi hayo yanaweza kumaanisha kwamba haitaungua, si kwamba itakwenda kwa kasi sahihi.

Hata ukinunua ya hezi 50 kamili, bado kuna delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu. Kurant ikikatika unawasha jenereta. Jenereta ndogo ya kawaida ya petroli inatoa hezi 50 pale tu injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika. Ikiwa haina mzigo inapita hapo kidogo, ukiwasha friji na pasi inashuka chini. Tofauti ya asilimia nne tu ni zaidi ya nusu ya nusutoni, na sikio la mtu aliyekulia kwenye rumba linaisikia mara moja. Huyo ndiye mchawi wa Kampemba.

Wenye paneli za jua wana ugonjwa mwingine. Invata, yaani kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, inashika hezi 50 vizuri, ila zile za bei nafuu zinatoa wimbi la ngazi-ngazi, na mota ya zamani inalalamika: inanguruma, inapata moto, na mngurumo unapanda kwenye sahani, unaingia kwenye sindano, unatokea kwenye bafle, yaani spika. Ukitaka kuitumia platini ya namna hiyo, tafuta invata ambayo boksi lake limeandikwa "pur sinus", yaani wimbi laini, na ulipe bei yake.

Na usidanganywe na vile vidoti vya pembeni ya sahani vinavyosimama tuli chini ya kitaa chekundu. Kwenye platini nyingi za zamani kitaa hicho ni neoni inayomweka kwa kufuata hezi zile zile za ukutani. Jenereta ikichoka, mota inachoka na taa inachoka pamoja nayo. Vidoti vinabaki vimesimama, wimbo umeshuka. Njia ya kweli ni kubandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani na kuhesabu ukiwa na saa: kwenye 33, dakika tatu lazima zitoe mizunguko 100. Ikitoa 83, umeshikilia mashine ya hezi 60.

Mpangilio wangu, basi.

Ya kwanza: Technics. Nasema wazi, mimi ni wa Technics, na anayetaka mwongozo usioegemea upande autafute kwingine. Hawa Wajapani walitoa SP-10 mwaka 1970, platini ambayo sahani inakaa moja kwa moja juu ya mota, haina mkanda. Mwaka 1972 ikaja SL-1200, na mwaka 1979 SL-1200MK2, ambayo kasi yake inalindwa na kwatzi iliyomo ndani yake, kile kijiwe kinachoshika muda kwenye saa. Umeme wa ukutani unageuzwa kwanza, ndipo mota inapewa chakula chake. Hezi 48, 52, 60, yenyewe haijali. Hata taa ya vidoti vyake inaongozwa na kwatzi, kwa hiyo hapo vidoti vikisimama, amini. Ukikuta ya Japani ya volti 100, basi transfo inatosha kweli.

Ukiishika sokoni, angalia mambo haya. Kijiti cha kubadilisha kasi, kinachokwenda asilimia 8 juu na 8 chini, kikifika katikati taa ya kijani iwake bila kusitasita. Ikipepesa, ndani kumejaa vumbi. Shika mkono wa sindano karibu na shina lake kwa vidole viwili, uutikise taratibu mno: ukisikia unacheza, hata kidogo, rudisha makuta mfukoni. Hakikisha uzito wa nyuma ya mkono upo, kwa sababu ndio kitu cha kwanza kupotea, na muuzaji atakuambia eti hauna kazi. Nyeusi mara nyingi huitwa SL-1210, msilipie rangi.

Kasoro zake nazijua. MK2 inacheza 33 na 45 tu. Mwenye santuri za mizunguko 78 atafute SL-1200MK7, iliyotoka 2019, ambayo inazicheza, lakini mpya hiyo inapita dola elfu moja ukihesabu usafiri. Tena haina preampli ndani, yaani kikuza sauti cha kwanza kinachotangulia ampli. Lazima ampli yako iwe na tundu lililoandikwa PHONO. Ukichomeka kwenye AUX utasikia sauti nyembamba ya mbu, kisha utasema nimekudanganya. Ampli za wazee wetu karibu zote zinalo tundu hilo, kwa hiyo msizitupe.

Ukikosa 1200, tafuta ndugu zake wenye herufi Q kwenye jina, kama SL-Q2. Nazo zina kwatzi, na wauzaji hawajazijua bado. Tafadhali msiwaambie.

Ya pili: Audio-Technica AT-LP120XUSB. Kwa anayetaka kitu kipya chenye boksi, ndiyo hii. Haina mkanda, mota yake haifuati hezi za ukutani, inacheza 33, 45 na 78, preampli imo ndani na unaweza kuizima. Kichwa chake kinachobeba sindano, VM95E, kinakubali sindano za aina nyingi kwa kuvuta na kuchomeka tu, ikiwemo ya 78. Ni nyepesi ukilinganisha na Technics. Iweke juu ya meza nzito, mbali na bafle. Kwa mtu mwenye akili timamu asiye na mapenzi yangu, pengine hii ingekuwa ya kwanza.

Ya tatu: Lenco L75. Mswisi huyu wa zamani namtia hapa kwa sababu ya ujanja wake mmoja. Mhimili wa mota una umbo la koni, na kigurudumu cha mpira kinateleza juu yake, kwa hiyo unaweza kuweka kasi popote unapotaka, mpaka 78. Hata ya hezi 60 utairekebisha kwa mkono kwenye 33 na 45. Jenereta ikiyumba itayumba nayo, hilo siwezi kulificha, lakini kwa invata nzuri ni raha. Mpira mdogo unaoshikilia mkono wake huwa umekwisha kwa uzee. Vya kubadilishia vinapatikana kwa kuagiza.

Ya nne: Rega. Planar 1 inasifiwa duniani kote, na kwa haki. Ila mota yake inafuata hezi za ukutani, kwa hiyo ni platini ya mji ambao kurant haikatiki. Planar 3 ikiungwa na kisanduku chake cha Neo PSU inapona, kwa sababu kisanduku hicho kinatengeneza hezi zake chenyewe. Jumlisha bei zote mbili, halafu rudi kusoma ya kwanza.

Za bei ndogo: AT-LP60X inapita mtihani wa hezi na inatosha kuanzia, ingawa mkono wake haurekebishiki na 78 haichezi. Zile za begi lenye bafle ndani zinakandamiza santuri kwa sindano nzito. Basi.

Sasa niwaseme kidogo wauzaji. Ukiomba kujaribu, "kurant hakuna". Ukija na betri na invata yako, "iko na mteja mwingine anakuja". Ukiuliza hezi, unajibiwa, "Mama, hii ni mali ya Japon, haiaribikake," kana kwamba Japani yote ni mota moja. Bei inafuata mng'ao wa mbao: platini ya mkanda isiyofaa kitu, ikiwa na kifuniko kinachong'aa, inauzwa ghali kuliko SL-Q2 yenye mikwaruzo iliyo pembeni yake. Sindano haipo, "utapata", na hapo haujasikia bei yake. Na kwenye santuri ni vilevile: tangu wanunuzi wa kutoka ng'ambo waanze kuzitafuta, kila iliyopasuka inaitwa adimu, na mtoto wa hapa anayetaka tu kusikia alichocheza babu yake anatajiwa bei ya mgeni.

Bajeti yako iache nafasi ya usafi. Kiangazi, kuanzia Mei mpaka Septemba, vumbi jekundu linaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Funika platini kila unapomaliza. Pitisha brashi ya nyuzi za kaboni kabla ya kila kucheza, ukifuata mifereji, usiikate. Kwa kuosha, maji yasiyo na madini yanayouzwa kwa ajili ya betri yanafaa, pamoja na tone la sabuni ya vyombo, kisha suuza kwa maji hayo hayo na usiloweshe karatasi ya katikati. Soma chupa vizuri, kwa sababu kando yake wanauza na asidi ya betri, na chupa zinafanana. Santuri zisimame wima, mbali na ukuta unaopigwa na jua la mchana.

Wenye 78 wasikilize zaidi. Santuri za Ngoma, kampuni iliyoanzishwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1948, au zile za mpiga gitaa Mwenda wa Bayeke, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, ni za sheleki, si plastiki. Pombe ya hospitali inayeyusha sheleki. Usiiguse, hata tone. Na mfereji wa 78 ni mpana: sindano yake ina ncha kubwa karibu mara nne kuliko ya santuri za kawaida. Ukitia ya kawaida humo, inazama chini na kukwangua takataka, nawe unasikia mvua badala ya gitaa. Kwa kichwa cha VM95 sindano hiyo inaitwa VMN95SP. Mpe jina hilo limeandikwa kwenye karatasi ndugu yeyote anayerudi kutoka Brussels, maana inaingia kwenye mfuko wa shati, na hapa mjini utauziwa ya kawaida ukiambiwa ndiyo yenyewe.