Tulinunua nyumba kwenye mtaa wa likizo Diani, na tunaishi humo mwaka mzima: uzoefu wangu

Nyumba yetu iko Diani, Kaunti ya Kwale, ndani ya mtaa wenye geti uliojengwa kwa ajili ya watu wa likizo. Nyumba zimeshikana mbili mbili, paa ni la makuti, bwawa la kuogelea liko katikati, na njia ya miguu inashuka hadi ufukweni. Majirani wengi wanaishi Nairobi au Ulaya na huja mara chache kwa mwaka. Sisi tunaishi humo moja kwa moja, mimi na mume wangu, watoto, na mama mkwe ambaye baridi ya Limuru ilikuwa imemmaliza magoti. Ukiniuliza kama ningeinunua tena, jibu ni ndiyo. Lakini kuna mambo ambayo dalali hatakuambia, maana yeye kazi yake inakwisha siku ya kutia sahihi, na hayo ndiyo ninayotaka familia nyingine ziyajue mapema.

Mtaa wa likizo umepangwa kwa mtu anayeondoka. Ukiingia na jicho hilo utaona kila kitu. Jiko lina kabati mbili kwa sababu mgeni hahifadhi gunia la mchele. Hakuna pa kuanika nguo. Chumba kikubwa kinatazama bahari, vya watoto vinatazama jenereta. Hata sheria za mtaa zimeandikwa kwa mtu wa siku chache: marufuku kuacha baiskeli nje, marufuku watoto bwawani saa za mapumziko ya wageni. Hayo yote yanarekebishika, lakini yanakula pesa na yanahitaji kura za wenzako, kwa hiyo yaingize kwenye hesabu kabla ya kupatana bei.

Madalali hupenda kukuleta Agosti au Desemba. Mkahawa umejaa, kila taa inawaka. Mimi nasema njoo Mei. Masika huku Pwani ya Kusini hupiga kwelikweli Aprili na Mei, na hoteli kadhaa hufunga milango kwa wiki nyingi. Sisi tuliomba kuikodi nyumba ile ile tuliyotaka kuinunua, tukakaa humo wakati wa mvua, na hakuna pesa niliyoitumia vizuri kuliko kodi ile. Tuliona maji yanapokusanyika baada ya mvua ya usiku. Tuliona walinzi wanavyopunguzwa wageni wakiisha. Viatu vya ngozi vilivyowekwa chini ya kitanda viliota ukungu. Siku moja nilifungua mlango wa kabati lililo chini ya sinki, bawaba ikabaki mkononi mwangu. Nilipoifinya kwa vidole ikavunjika ikawa unga mwekundu. Kwa nje ilikuwa imepakwa rangi nyeupe safi.

Chumvi ya bahari haina mchezo. Inakula bawaba, komeo, misumari, mgongo wa friji, na ile mashine ya kiyoyozi inayokaa nje. Hata nyumba ambayo haiko mstari wa mbele ufukweni inaguswa. Siku hizi tunanunua vyuma visivyoshika kutu, hata kama bei ni mara mbili, na tunafuta madirisha kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Hapo napo pana jambo: maji ya kisima huku mara nyingi yana chumvi chumvi. Yaonje wewe mwenyewe bombani. Usikubali kuambiwa tu kwamba "kisima kipo". Chetu kinafaa kuogea na kufulia. Ya kunywa na kupikia tunanunua, na lori la maji lina bei yake kila mwezi.

Paa la makuti lilinipa somo zuri. Tulimleta fundi wa Ukunda aliyeezeka maisha yake yote. Saa sita mchana akafunga madirisha, akatuambia tusimame katikati ya sebule na tutazame juu. Vitundu vya mwanga vilikuwa vingi upande mmoja, karibu havipo upande wa pili.

"Mama, upande huu umelala mno," akasema. "Makuti yanataka mwinuko, maji yateremke upesi. Yakikaa, yanaoza. Hapa utaezeka tena kabla ya ule."

Kisha akapanda, akabonyeza boriti kwa kisu kutafuta mchwa, akashuka na kunitajia bei ya kazi. Bei hiyo tuliipeleka kwa muuzaji pamoja na picha za bawaba na ukungu, na ilipunguza pesa tulizolipa. Malipo ya fundi kwa ukaguzi ule yalikuwa madogo sana ukilinganisha. Ulizia pia bima ya moto mapema, kwa sababu makuti yanashika moto upesi na kampuni za bima zinalijua hilo.

Sasa hati. Hapa nitakaa kidogo, maana ardhi ya Pwani ina historia nzito na familia inaweza kupoteza akiba ya maisha.

Kwanza, aina ya umiliki. Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 kinasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya ila kwa kukodi, na kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa vile nyumba nyingi za mitaa hii zililengwa wageni, utakuta hati nyingi ni za kukodi hata pale mnunuzi ni Mkenya. Hakuna ubaya, ila uliza imebaki miaka mingapi. Miaka 99 iliyoanza kuhesabiwa zamani ni kitu tofauti na miaka 99 iliyoanza juzi, na benki nayo itauliza swali hilo hilo.

Pili, chimbuko la hati. Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kiwanja cha Nyali, Mombasa, iliyohusu njia ya umma ya kwenda ufukweni. Kampuni iliyokuwa na hati ilikuwa imenunua kwa mmiliki aliyetangulia, lakini ilishindwa kwa sababu ugawaji wa kwanza kabisa wa ardhi ile haukufuata sheria. Maana yake kwa mnunuzi wa kawaida ni kwamba karatasi ya masjala ya ardhi inayoonyesha jina la muuzaji haitoshi. Wakili wetu alirudi nyuma hadi mwanzo: nani alipewa ardhi hii, kwa barua gani, ilipimwa lini, iligawanywaje. Ilichukua muda, dalali akanung'unika kwamba kuna mteja mwingine anasubiri. Tulimwambia amuuzie huyo mteja. Hakumuuzia.

Tatu, watu. Sheria ya Kenya inampa aliyekaa kwenye ardhi ya mtu kwa miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila ruhusa, nafasi ya kuidai mahakamani. Kwa hiyo tembea kuzunguka ukuta. Mimi na mume wangu tulikwenda kuamkia wazee wa Kidigo wanaoishi nyuma ya mtaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mnanunua humo ndani?"

Tukamweleza. Akatuonyesha kwa fimbo njia nyembamba inayopita kando ya ukuta wetu. Alisema wavuvi wanaipita tangu yeye mtoto, na kwamba aliyejenga mtaa aliwahi kutaka kuifunga wakamkatalia. Tulichunguza ramani ya upimaji pamoja na mpima ardhi, tukakuta njia iko nje ya mipaka yetu na vigingi viko mahali pake. Kama ingekuwa ndani, tungeondoka. Kuishi na majirani uliowazibia njia ya riziki ni jambo ambalo mimi siliwezi, hata hati iwe safi namna gani.

Upande wa pesa: tulilipa amana ya asilimia 10 kwa wakili, si kwa dalali wala kwa muuzaji moja kwa moja, na muda wa kukamilisha ulikuwa siku 90 kama ilivyo desturi. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Kwa nyumba ya shilingi milioni 15 mjini, hiyo ni laki sita, na inalipwa na mnunuzi. Weka juu yake ada ya wakili na ya mpima ardhi. Na kama muuzaji ana mke au mume, hakikisha ridhaa yake imeandikwa na kutiwa sahihi.

Ada ya huduma ndiyo moyo wa mtaa kama huu, na ndiyo ambayo watu huipuuza. Inalipa walinzi, bwawa, bustani, jenereta, taka. Inakuja kila robo mwaka uwe upo au haupo. Kabla ya kununua tuliomba mahesabu yaliyokaguliwa na kumbukumbu za mikutano mikuu ya wamiliki. Meneja wa mtaa hakufurahi, lakini mwishowe alizitoa, na mle ndani ndimo tulipouona ukweli: wamiliki kadhaa walikuwa na malimbikizo ya muda mrefu, na mfuko wa akiba wa matengenezo makubwa ulikuwa mtupu. Ndiyo maana pampu ya bwawa ilipoharibika wakati wa masika, maji yalikaa ya kijani mpaka wageni wa Julai walipokaribia. Tulinunua tukijua hivyo, na tukijua kwamba tutakaa kwenye kamati. Kwa mtu anayeishi hapo mwaka mzima, kamati ni lazima. Wasiokuwepo hupiga kura kwa uwakilishi, na kura zao huelekea kwenye vitu vinavyopendeza picha za kukodisha. Sisi tunataka taa za njiani, kamba za nguo na maji ya uhakika.

Desemba ya kwanza ilitutesa. Nyumba ya jirani hukodishwa kwa siku chache chache, na kundi baada ya kundi lilipiga muziki hadi alfajiri wakati mama mkwe anaumwa. Meneja alisema hakuna kanuni inayomruhusu kuzima. Kwenye mkutano mkuu nilisimama nikalieleza jambo hilo bila kugombana na mtu, nikaomba tuandike kanuni: muziki wa nje mwisho saa nne usiku, na mwenye nyumba atozwe faini badala ya mgeni. Ilipita. Waliopiga kura nyingi kuiunga mkono ni wale wale wanaokodisha, kwa sababu nao wamechoka kupata malalamiko. Sasa tunapumua.

Kuhusu maisha ya kila siku sina mengi. Shule zipo Diani na Ukunda, za viwango tofauti. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Msambweni, na hilo kwa familia yenye mzee lina uzito kuliko bwawa lolote. Zamani kwenda Mombasa ilikuwa lazima uvuke feri ya Likoni na foleni yake. Barabara ya Dongo Kundu imetupa njia ya nchi kavu, na ndiyo tunayopita kwenda kupanda treni ya SGR Miritini. Ukunda kuna kiwanja cha ndege kwa mwenye haraka na pesa.

Kitu ambacho hakimo kwenye tangazo lolote, na kinachonifurahisha kila asubuhi, ni mbega. Hawa weusi wenye mabega meupe wanakula majani, hawana shida na chakula chako. Wanaoingia jikoni ni tumbili na nyani, hao usiwaachie ndizi mezani na usiruhusu mgeni yeyote awalishe, maana ukiondoka wewe watarudi kwa jirani. Shirika la Colobus Conservation liko hapa Diani tangu 1997, na ngazi zake za kamba zinaonekana zikining'inia juu ya barabara ili mbega wavuke bila kugongwa na magari. Nyaya za umeme zisizofunikwa huwaua. Kwenye mtaa wetu tulipitisha pesa za kukata matawi yanayogusa nyaya, na watoto wangu ndio waliotembea nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi.

Lililobaki ni hati yenyewe. Tulinunua chini ya mfumo wa zamani, ambapo unapata mkataba wa kukodi pamoja na hisa moja kwenye kampuni ya usimamizi. Sheria ya mali za sehemu ya mwaka 2020 (Sectional Properties Act) inataka mikataba ya namna hiyo igeuzwe, kila nyumba iwe na hati yake kamili na wamiliki wawe na shirika lao. Kazi hiyo inahitaji michoro mipya ya upimaji na sahihi za watu walio Munich, Milano na Kilimani, Nairobi. Tumepata nyingi, bado chache. Ukiangalia nyumba kwenye mtaa wowote wa namna hii, uliza ugeuzaji umefika wapi na nani anaulipia, kisha jibu liandikwe ndani ya mkataba wa mauzo. Letu liliandikwa: gharama ya ugeuzaji wa nyumba hii ni ya muuzaji, na wakili anashikilia sehemu ya pesa zake mpaka hati itoke.