Pikipiki ya zamani ya kufufua: uanze na ipi?

Swali ninaloulizwa sana ni hili: "Kaka, kuna Honda ya mzee fulani imelala bandani miaka kumi, niichukue?" Nami huuliza kwanza: utaiendesha wapi? Anayekatiza foleni za Kariakoo na anayepanda Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, kila Jumamosi hawafai kununua mkweche wa aina moja. Tukishaelewana hapo ndipo tunaongea spea, maana pikipiki ya zamani unainunua mara mbili: kwa mwenyewe, halafu kidogo kidogo kwenye duka la vipuri.

Nazipanga nne. Ya kwanza ndiyo ningemwambia mdogo wangu achukue bila kufikiri sana.

Honda CG125. Haina sura, tukubaliane. Ilianza kuuzwa mwaka 1976, na Honda waliibuni wakiwafikiria watu walio mbali na fundi, ambao oili wanaibadilisha wakikumbuka. Vali zake zinasukumwa na vijiti, kwa hiyo hakuna cheni ya taimingi ya kulegea na kupiga kelele. Faida kubwa kwetu ni kwamba Wachina waliinakili injini hiyo, na pikipiki nyingi za bodaboda za 125 na 150 ni za ukoo huohuo. Pistoni ya milimita 56.5, ringi, gasketi, klachi pleti, vyote unavikuta hata kwenye kiduka cha karibu na stendi. Ila nenda na kifaa cha zamani mkononi ukilinganishe, nakala si zote zinazofanana. Hii ni ya lami, ya mjini, ya kumpakia mwenzio nyuma. Ukitaka mtindo wa kuinama, usukani mfupi na kiti bapa, CG inakubali vizuri. Usikubali tu fundi akate fremu ya nyuma ili kiti kipendeze. Shokapu zimeshikwa hapohapo.

Ya pili ni Honda XL125S, na hapa naomba radhi, nina mapenzi nayo. Wanaokumbuka bwana shamba akiingia kijijini na vumbi lake wanajua ninachosema. Tairi ya mbele ni inchi 21, ya nyuma 18, unakaa juu, na mashimo unayapita umesimama kwenye vikanyagio. Kwa njia za milimani ndiyo ningeiweka ya kwanza. Kinachoishusha ni hedi, yaani kichwa cha injini: kamshafti, ile shafti inayofungua vali, inazunguka moja kwa moja kwenye aluminiamu, bila beringi. Mwenye nayo akiwa mvivu wa oili, pale panalika, na hapo huponi kwa kubadilisha ringi. Kabla ya kulipa, mwombe fundi akague kama kamshafti inacheza juu na chini. Ikicheza, bei ishuke sana au uondoke.

Mimi sikuikagua. Niliipenda kwa tenki, nikalipa, na mwezi uliofuata nilikuwa kwa mchonga vyuma. Halafu kuna umeme wake wa volti 6. Jioni moja nilikuwa nateremka kutoka Mgeta, nikivuta moto taa inang'aa, nikifunga mafuta kabla ya kona, yaani pale ninapoihitaji, inabaki kibatari.

Ya tatu, Yamaha AG100. Hii ni pikipiki ya shamba hasa: keria mbele na nyuma, cheni imefunikwa yote, na stendi za pembeni ni mbili, kushoto na kulia, ili uiegeshe mteremkoni upande wowote. Ukibeba magunia ya mboga, ipandishe hadi namba moja kwenye orodha hii. Injini yake inachoma oili pamoja na petroli, kwa hiyo moshi kidogo si ugonjwa. Kuna pampu inayovuta oili kutoka tenki lake dogo. Muulize muuzaji kama bado inafanya kazi, kwa sababu mafundi wengi huing'oa na kuanza kuchanganya kwa mkono. Siku ukisahau kuchanganya, injini inanoki njiani. Spea zake utazitafuta kwa subira.

Ya nne ni Honda C70 au C90, za ukoo wa Super Cub ulioanza 1958. Haina mkono wa klachi, unakanyaga gia tu. Kwa safari za sokoni na kurudi, raha tupu. Fremu yake ni ya bati lililokunjwa na huoza kwa ndani, basi gonga kwa kidole usikilize.

Yamaha DT125 nimeiacha makusudi, na najua mtanisema. Nyingi nilizoziona zimeshapigika mno.

Siku ya kwenda kuangalia, fika mapema kuliko ulivyoahidi, uweke kiganja kwenye bloku. Ikiwa na joto, mtu ameshaiwasha kukuficha ugumu wa kiki. Iache ipoe, upige mwenyewe. Kwa hizi Honda, moshi wa bluu unaoendelea injini ikishapata moto ni oili inayoungua. Inua tairi ya mbele, zungusha usukani taratibu: ukijishika katikati, beringi za shingo zimekwisha. Namba ya chesisi isipolingana na kadi, hakuna bei nzuri hapo. Ikilingana, muuzaji akusindikize TRA, mamlaka ya mapato, mkabadilishe jina wiki hiyohiyo.

Pesa ya kwanza iende kwenye breki na tairi, kisha kabureta na umeme. Rangi iwe ya mwisho kabisa. Na tenki likiwa na kutu, usiharakie kununua jipya: ling'oe, tia siki na konzi ya nati kuukuu, ziba, mpe mtoto wa jirani alitikise.