Viatu vya Baiskeli ya Mlimani: Pedali Bapa au za Kujifunga? Leo Nimeleta Karai la Matope

Wueh! Hamjambo, karibuni tena. Kabla hujauliza chochote: ndiyo, hili karai ni la mama, na hapana, hajui niko nalo. Ndani kuna matope. Na si matope ya hapa Nakuru, kwa sababu hapa kwetu shida ni vumbi, lile jivu la volkano linalokufuata mpaka ndani ya soksi. Haya ni matope meusi ya Ahero, tambarare za Kano. Yamepanda matatu ndani ya mfuko wa unga wa kilo mbili, yakiwa mapajani mwa binamu yangu ambaye leo ndiye ameshika kamera. Binamu, salimia watu. Ametikisa kamera. Haya, hiyo ndiyo salamu ya Kisumu.

Leo ni viatu. Mmeniandikia wiki tatu mfululizo mkiniuliza ninunue vya pedali bapa au vya kujifunga, na mimi nimekuwa nikijificha, kwa sababu kuna jozi moja hapa ilinikasirisha mpaka nikaitupa chini ya kitanda. Imetoka huko asubuhi ya leo. Nimefunika majina kwa mkanda mweusi, jozi zote mbili, ili tusiletane maneno. Hakuna aliyenilipa, zote ni mtumba, na bei nitawaambia. Usiondoke.

Kwa wageni, haraka haraka. Pedali bapa ni pana, ina pini za chuma zimechomoza, unakanyaga tu, basi. Ile nyingine, chini ya kiatu kuna kipande kidogo cha chuma kinaitwa kliti, kinaingia kwenye pedali, kinalia "taa!", ushafungwa. Ukitaka kutoka unapeleka kisigino nje. Dukani utasikia ikiitwa kliplesi, yaani isiyo na klipu, na kila anayeanza huuliza: mbona isiyo na klipu ndiyo inayonishika mguu? Ni mambo ya zamani. Wakimbizaji baiskeli walikuwa na kakikapu mbele ya pedali, kana mkanda wa ngozi, unaingiza vidole vya mguu humo unakaza. Hako kakikapu ndiko kalikuwa klipu. Mwaka 1985 Mfaransa Bernard Hinault akashinda Tour de France na pedali za Look zisizo na kikapu, halafu 1990 Shimano wakatoa pedali yao ya SPD, ambayo kliti yake ni ndogo, inazama ndani ya soli, kwa hivyo mtu wa milimani anaweza kushuka na kutembea kama binadamu. Kikapu kikaenda, jina likabaki. Uzito na saizi mtajitafutia, simu mnazo.

Twende kwenye karai.

Hiki ni cha kushoto, cha kujifunga. Binamu, sogea. Karibu zaidi, usiogope, hakinuki. Mnaona? Kliti iko ndani ya kishimo, na kila upande kuna meno ya raba, marefu, kama njumu. Hayo meno ni ya kutembelea. Kumbukeni hayo meno, kesi yote iko hapo. Pedali nimeibana kwenye jiliwa, imetulia. Kwanza kavu kwa kavu. Taa! Nje. Taa! Nje. Tamu, eh? Hiyo sauti ndiyo huwauzia watu hivi viatu. Kwenye vumbi letu la Menengai, ule mlima wa volkano hapa Nakuru, inashika hivyo hivyo, sina malalamiko.

Sasa natembea ndani ya karai, kama mtu aliyeshuka kusukuma baiskeli. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Nainua mguu… jameni. Kliti iko wapi? Onyesha watu, binamu. Haipo! Imezikwa na haina hata msalaba. Nakanyaga pedali. Kimya. Nabonyeza na uzito wote. Kimya. Napigapiga kiatu ubaoni, pa pa pa, nakanyaga tena. Kimya, halafu sasa mguu unateleza mbele kwa sababu chuma kiko juu ya tope. Mara ya nne, bure. Natafuta kijiti. Nachokoa hapa mbele ya kliti, nachokoa nyuma, angalieni vile udongo umeshikana kati ya raba na chuma kama ukoko wa ugali chini ya sufuria. Mara ya tano, nusu. Mara ya sita… taa!

Sita! Na nimesimama chumbani, nina kijiti, nina meza ya kujishikilia. Sasa jiweke katikati ya kilima, baiskeli inataka kurudi nyuma, mvua ya Aprili inakupiga kisogoni. Kuna ndugu mmoja ana chaneli kubwa kunishinda, huko juu kwa wenye taa tatu na zulia, aliwapa viatu vya aina hii nyota tano. Nilitazama video yote. Soli haikugusa mchanga hata mara moja. Nilimwandikia hapo chini nikamuuliza amevipeleka wapi, akanipa kidole gumba cha kupenda.

Sawa, nipumue.

Lakini hapa ndipo hasira yangu ilianza kupungua, na msinicheke. Hiki ni cha kulia. Kiatu kile kile, jozi ile ile. Tofauti: nilichukua kisu cha fundi wa viatu nikapunguza yale meno pande zote mbili za kliti. Si sana, unene wa shilingi mbili tatu ukizipanganisha. Nikaacha nafasi ambapo tope linaweza kutokea ubavuni badala ya kufungiwa ndani. Karai tena. Tano zile zile. Nakanyaga… kimya. Nagonga mara moja. Nakanyaga… taa! Mara ya pili! Binamu, umeona? Ametikisa kamera, ameona.

Kwa hivyo shida haikuwa kujifunga. Shida ilikuwa mchora soli aliyefikiria njia ya changarawe kavu, hajawahi kuvuka Kano mwezi wa nne. Ukinunua, ingiza kidole kwenye kile kishimo. Kama kidole kinabanwa na raba kushoto na kulia, ujue utakuwa mtu wa vijiti. Pedali nazo zina mchango wake: zile zenye uwazi pande zote, kama Eggbeater za Crankbrothers, tope hupenya likatoka, ila kliti zake ni za shaba nyeupe, shaba njano, nini ile… shaba ya manjano, asante binamu, na hiyo hulika upesi kuliko chuma cha Shimano.

Na kuna kuanguka. Wacha niwaambie, kwa sababu mtaambiwa tu na wengine. Wiki yangu ya kwanza nilifika stendi ya bodaboda hapa mjini, taratibu kabisa, nikasimama. Baiskeli ikasimama. Mguu ukasahau. Nikaanguka kwa ubavu polepole, kama mti wa mkaratusi, macho wazi, huku nikiwatazama wale jamaa kumi na wawili nao wakinitazama. Mmoja akaniuliza, "Madamu, ni usingizi?" Tangu siku hiyo wananiita Usingizi. Nikipita wanapiga honi.

Kumbe spring ilikuwa imekazwa kabisa na aliyekuwa nayo mbele yangu. Kwenye SPD kuna skrubu ndogo ya kukaza spring, inazungushwa na eleni kii namba 3, legeza pande zote mbili za pedali, zote mbili sawa, mpaka mguu utoke bila kuombwa. Kliti yenyewe inafungwa na namba 4. Na kama unaanza, tafuta kliti ya Shimano ya rangi ya fedha, SH56, hiyo inaachia ukivuta pande nyingi. Ile nyeusi, SH51, ndiyo huja na pedali nyingi za SPD, na yenyewe inataka kisigino kiende nje tu. Ningejua hilo mapema ningekuwa bado na jina langu.

Haya, jozi ya pili. Hii naipenda tangu siku ya kwanza na ndiyo maana sina mengi.

Kiatu cha pedali bapa. Soli bapa, raba laini. Fanya hivi: bonyeza ukucha kwenye soli. Alama imebaki… inarudi taratibu… imerudi. Raba ya aina hiyo inakaa juu ya pini kama chapati kwenye kikaango kisicho na mafuta. Ukucha ukidunda, hiyo ni raba ya kutembelea kwenda kanisani, iache. Na hili wazo halikutoka kwa watu wa baiskeli. Kampuni ya Five Ten walianza na viatu vya kupanda miamba, vile unavyoona wapandaji wakivaa pale Mnara wa Fischer, Hell's Gate, halafu raba ile wakaileta kwenye pedali. Adidas wakawanunua 2011. Na msikubali kudanganywa eti bapa ni ya wanaoanza: Sam Hill wa Australia alichukua taji la Enduro World Series, mashindano ya dunia ya baiskeli za mlimani, 2017, 2018 na 2019, zote na pedali bapa, wenzake wakiwa wamejifunga.

Karai. Tano. Nakanyaga pini. Inateleza kidogo… naisugua… imeshika. Hakuna kusikiliza "taa", hakuna kijiti. Shida yake ni ile mguu ukikukosa pini hazikukosi. Huu muundi wangu, binamu, onyesha. Hapana, ule mwingine. Hizo nukta nne ni za mteremko mmoja.

Nikisikia binamu akikoroma nyuma ya kamera najua anataka kusema kitu. Sema. Anasema babu alishuka kilima cha Riat, kule Kisumu, na akala kwa Black Mamba, ile baiskeli nzito ya zamani, na hakuulizwa raba laini wala ngumu. Ni kweli! Akala ni kipande cha tairi, babu alikuwa na tairi nne. Ila pedali za Black Mamba zilikuwa na raba juu, si pini, na breki za babu tusizizungumzie, marehemu alale pema.

Sasa mtaniuliza, basi Usingizi, si useme bapa ushinde twende nyumbani? Ningesema hivyo Jumatatu. Jumatano nilipanda Menengai na hivi vya kujifunga, vya kisu. Kutoka mjini, kama mita 1,850 juu ya bahari, mpaka juu kwenye mita 2,278. Kwenye yale mawe ya mwisho, ambapo na bapa miguu huruka kama mahindi kwenye kikaango, miguu ilikaa. Sikuifikiria hata mara moja. Nilifika juu nikiwa nimekasirika kwamba nimefurahi. Kwa hivyo sijui mnitakie nini. Kushuka, nataka bapa. Kupanda kukavu, kujifunga. Kano, bapa mpaka Yesu arudi. Ukiwa na pesa ya jozi moja tu na unasukuma baiskeli mara nyingi kama mimi, anza na bapa, visigino chini ukishuka, utajifunza kukanyaga vizuri. Hilo bado nasimama nalo. Nafikiri.

Bei, nilikuahidi. Bapa nilitajiwa elfu tatu, nikatoka na elfu moja mia nane baada ya kwenda mara mbili nikirudi. Vya kujifunga, elfu mbili mia tano, na muuzaji hakujua ni vya nini. Alidhani ni vya gofu. Hapo ndipo pa kupatia riziki, lakini mchunge. Geuza kiatu. Ukiona mifereji miwili mirefu sambamba, au kifuniko cha plastiki kimeificha, hicho ni cha mlimani. Ukiona matundu matatu kama mafiga, hicho ni cha barabara ya lami, kliti ya SPD haifungiki, na ukitembea utasikika kama mbuzi kwenye sakafu. Msikubali "itaingia tu". Haitaingia. Halafu ikunje soli, angalia tabaka la katikati. Viatu vilivyokaa stoo miaka mingi, lile povu huoza lenyewe, siku ya pili linamomonyoka kama keki kavu, na hapo hakuna fundi wa kushona kitu kisichokuwepo. Kama ni gundi tu imeachia, hiyo sawa, mpelekee fundi apitishe uzi pande zote, ila mwambie asipite juu ya mifereji ya kliti.

Kuvikausha ni magazeti ndani, kivulini. Si juu ya jiko. Aliyeweka juu ya jiko yuko kwenye hii nyumba na hatutamtaja, lakini ameshika kamera.

Habari za chaneli: tumebakisha watu 64 tufike elfu moja. Tukifika, binamu anashuka Riat na akala, pedali za pini, nimeshamwandikia na amekubali. Binamu, umekubali? Kamera haijatikisika. Haya, tutaongea. Wiki ijayo ni glovu za vidole virefu na—

Ngoja. Mama anaita. Anauliza karai la kufulia liko wapi.

Zima. Zima kamera, binamu. Na umwage hayo matope— si hapo!