Mkia wa punda: uzoefu wangu wa masika matatu

Niliununua mmea huu mwezi wa kwanza, mwaka juzi, kwa muuza maua wa kando ya barabara hapa Dar es Salaam. Aliniambia 20,000, tukaelewana kwa 15,000. Ulikuwa kwenye kikopo cheusi cha plastiki, mikia mitano inaning'inia, kila mkia umejaa vijani vinene vilivyobanana kama shanga kwenye uzi. Kijani chake kinaelekea bluu, na juu yake kuna ungaunga mweupe kama wa zabibu. Jina la kitaalamu ni Sedum morganianum, na asili yake ni Meksiko, kwenye majabali ya kusini mwa nchi hiyo. Muuzaji hakujua jina la mmea. Alichoniambia ni hiki: "Mama, hili ua la kuning'iniza. Mwagilia kila asubuhi, litakupendeza."

Nikapanda nalo bajaji. Hakuna aliyekuwa amenitahadharisha kwamba majani yake yanapukutika ukiyagusa tu. Kufika nyumbani, mfuko umejaa majani na mkia mmoja umebaki kijiti kitupu. Yaliniuma, nikashindwa kuyatupa. Nikayamwaga kwenye sahani ya bati, nikaiweka juu ya kabati karibu na dirisha, nikaisahau.

Kwa wiki kadhaa ua lilikuwa zuri mno. Mwezi wa tatu masika ikaanza, na mimi bado namwagilia kila asubuhi kama nilivyoelekezwa. Majani ya chini yakaanza kugeuka manjano, lakini manjano ya kuona ndani, kama kioo, na ukiyaminya yanapasuka maji. Nikadhani lina kiu, nikaongeza. Siku niliyolitoa kwenye kopo, shina lote la chini lilikuwa jeusi na mizizi inanuka tope la mtaroni. Udongo wenyewe ulikuwa ule mweusi uliochanganywa na samadi, mzuri kwa mchicha, ila kwa mmea wa majabali ni kaburi. Ukishika maji hauyaachii.

Mikia yote mitano ikafa. Hapo ndipo nikaikumbuka sahani.

Majani yale hayakuwa yamepata tone la maji kwa zaidi ya miezi miwili, na mengi yalikuwa hai. Pale lilipobanduka kwenye shina, kila jani lilikuwa limetoa vijizi vyembamba vya pinki, na kando yake kichipukizi kidogo kuliko punje ya mchele. Jani lenyewe lilikuwa limeanza kunyauka, linamlisha mtoto wake. Nilikaa sakafuni na sahani mapajani, nikaanza kuyahesabu: 31. Niliita watu wa nyumbani waje waone.

Safari hii nilitafuta kusoma kwanza. Mmea huu unaweka maji kwenye majani, na matundu yake ya kupitishia hewa hufunguka usiku na kujifunga mchana, ili jua lisiunyonye. Kwa hiyo haudai maji kila siku, unadai mizizi ikauke kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine. Mchanganyiko wangu sasa ni vikopo viwili vya mchanga wa mto (wa baharini una chumvi, usiuguse), kimoja cha kokoto ndogo na chenga za mkaa, na kimoja tu cha udongo. Chombo lazima kiwe na tundu chini. Mimi natumia vyungu vidogo vya udongo, kwa sababu hukauka upesi kuliko plastiki.

Kumwagilia naamuliwa na majani. Yakiwa yamejaa, naacha. Yakianza kujikunja ngozi, natia maji mpaka yatoke chini, kisha siyagusi tena. Kiangazi inaangukia kama kila siku kumi. Masika yote ya mwaka huu nilimwagilia mara mbili, vyungu vikiwa barazani chini ya bati ambako mvua haifiki. Hakuna hata kimoja kilichooza.

Jua la asubuhi linaufaa, lile linaloisha kama saa nne. Chungu kimoja nilikisahau kwenye jua la saa nane mchana, majani yakaungua madoa ya kahawia. Wadudu weupe kama pamba walishaingia mara moja kwenye maungio ya majani. Niliwafuta mmoja mmoja kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa spiriti, jioni tatu mfululizo, wakaisha. Ule unga mweupe usiufute. Ni nta, ndiyo kinga yake, na ukiufuta haurudi kwenye jani lile. Alama ya kidole cha mwanangu ipo hadi leo.

Kilichonigusa zaidi ni kujua kwamba ndugu zake tunao. Sedum meyeri-johannis inaota yenyewe Kilimanjaro, na imepewa jina la Hans Meyer, aliyefika kileleni mwaka 1889. Natamani siku moja niione.

Kama ningenunua tena? Ndiyo, kwa bei ileile, na ningebadilisha udongo siku hiyohiyo kabla sijavua hata viatu. Yule kaka muuzaji simlaumu sana, lakini neno moja tu, "usimwagilie mpaka udongo ukauke", lingeniokolea mikia mitano. Sasa nina vyungu tisa. Mkia mrefu kuliko yote una sentimita 22, na haujachanua bado.