Seramu, ubuyu au chai ya kijani: ununue nini kwa jua hili la Dar

Jamani kila nikisema antioksidanti watu wananiona kama nawauzia dawa ya maajabu. Iko hivi, jua na moshi wa daladala vinazalisha kwenye ngozi vimolekuli vilivyopungukiwa elektroni, sasa hivyo vinakwapua kwa jirani kama vibaka, vinaharibu ukuta wa seli, kolajeni (protini inayoikaza ngozi), hadi DNA. Antioksidanti inatoa elektroni yake vibaka watulie. Mimea inazo kibao kwa sababu nayo inashinda juani kutwa na haiwezi kukimbilia kivulini.

Sasa kati ya vitu vitatu vya kupaka vyenye antioksidanti, namba moja kwangu, kama mfuko unaruhusu, ni seramu (kimiminika chepesi cha kupaka usoni) yenye vitamini C asilimia 15, vitamini E asilimia 1 na asidi feruliki nusu asilimia. Feruliki ndo hiyo iliyomo kwenye pumba za mpunga tunazowapa kuku. Kuna utafiti wa Marekani wa 2005, walijaribu kwenye ngozi ya nguruwe, feruliki ilipoongezwa kwenye C na E kinga dhidi ya jua ikapanda mara mbili. Ila sasa vitamini C inakufa kwa mwanga, hewa na joto, na joto letu mnalijua. Mwaka jana nilinunua moja mezani Kariakoo, kichupa cheupe kimepigwa jua toka asubuhi, nafika nyumbani nadondosha tone kwenye tishu, rangi ya chai ya rangi kabisa, hela ndo imeenda hivo. Kwa hiyo nunua duka lenye kiyoyozi, chupa ya giza, ndogo ya mililita 15 au 30 uimalize mapema, ukifungua weka friji. Njano ya mbali poa, ikishakuwa kahawia tupa.

Namba mbili mafuta ya ubuyu, na haya ndo napaka kila usiku. Muuzaji akikwambia yana vitamini C nyingi mcheke tu, hiyo iko kwenye unga wa ubuyu tunaokula, haiyeyuki kwenye mafuta. Mafuta yanakamuliwa kwenye mbegu, yana vitamini E, na joto yanavumilia kuliko seramu. Chukua yaliyokamuliwa bila moto, yanuse kwanza, yakinuka kama mafuta ya chipsi yaliyorudiwa yashachacha.

Tatu ni krimu au tona (maji ya kupaka usoni) ya chai ya kijani, sio majani meusi ya kawaida maana yale yanapata weusi kwa kuoksidishwa, katekini nyingi, yaani antioksidanti za chai, zinaishia huko. Ukichemsha mwenyewe nyumbani, siku mbili kwenye friji basi.

Hakuna hata kimoja hapo kinachoshika nafasi ya sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, yenye SPF (kipimo cha kinga) 30 kwenda juu inapakwa juu yake asubuhi.

Limao usoni hapana, ukitoka nalo juani linaunguza na kuacha madoa. Manjano nayo weka kwenye pilau, mimi nilijaribu wiki moja, nikaambulia foronya ya njano.