Zaidi ya mwaka na klasta ya wingu, nikiwa Ngamiani

Tangu Novemba 2023 nakodi klasta ya Kubernetes kwenye wingu, yaani kundi la kompyuta za kampuni ninazozifikia kwa intaneti na zinazofanya kazi kama moja, na kazi yote naifanyia chumba cha nyuma cha duka letu hapa Ngamiani, Tanga. Naandika kwa urefu kidogo kwa sababu mimi mwenyewe nilipotafuta maelezo ya Kiswahili kabla ya kuanza, nilikutana na matangazo tu. Maneno ya mtu aliyelipia kwa fedha yake sikuyapata.

Kazi yangu ni kutunza tovuti na mifumo ya wateja saba. Yupo mama mmoja anayeuza iliki, mdalasini na pilipili manga kutoka Amani, ipo nyumba ya wageni kule Raskazone, duka la vipuri vya baiskeli na pikipiki, shule binafsi, na wengine watatu wadogo. Zamani kila mmoja alikuwa na seva yake. Diski ya mmoja ikijaa saa nane za usiku, anayeamshwa ni mimi, na kila sasisho la usalama nililirudia mara saba. Nikaamua kuwaweka wote mahali pamoja.

Kubernetes ni neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani wa chombo, na nembo yake ni usukani. Google waliutangaza mradi huu mwaka 2014, na toleo la 1.0 likatoka Julai 2015. Mtu wa pwani hahitaji maelezo marefu hapo. Nahodha habebi magunia; kazi yake ni kujua gunia lipi likae wapi ili jahazi lisilale upande, na shehena ikihama njiani anaipanga upya. Klasta nayo inafanya hivyo kwa kontena, yaani vifurushi vyenye programu pamoja na kila inachohitaji ili iwake. Ukikodi klasta inayosimamiwa, nahodha anatunzwa na kampuni, wewe unalipia nodi, yaani mashine zinazobeba mzigo. Kampuni ninayotumia inatoza senti 10 za dola kwa saa kwa kila klasta, ambazo kwa mwezi wa siku 30 ni dola 72, ila klasta ya kwanza inasamehewa ada hiyo. Bila msamaha huo nisingeanza. Nodi, diski na mtandao unalipia kama kawaida, na juu yake kuna VAT ya asilimia 18.

Kilichonivuta hasa ni soko lao la programu. Unafungua ukurasa, unachagua WordPress (ya tovuti), PostgreSQL (ya hifadhidata), Grafana (ya michoro ya vipimo) au unachotaka, unaambiwa utaje klasta, jina la programu, namespace itakayokaa (ichukulie kama chumba ndani ya nyumba) na ukubwa wa diski, kisha unabonyeza. Nyuma ya pazia inawashwa kontena ya kusakinisha ambayo imepewa ruhusa ya kuunda kila kinachohitajika: podi (kontena moja au zaidi zinazowashwa pamoja), diski, nenosiri, anwani ya kuingilia. WordPress yangu ya kwanza ilikuwa hewani ndani ya dakika sita hivi. Kwa mtu aliyewahi kuandika mafaili ya maelekezo ya YAML kwa mkono, ambapo nafasi moja ikipungua mwanzoni mwa mstari kila kitu kinakataa, hii ni raha kubwa. Sitaki kuipunguzia sifa.

Programu ya tatu ikagoma. Podi ikabaki "Pending", yaani inasubiri, asubuhi nzima, nami nikidhani intaneti ndiyo mbovu. Kumbe nafasi imekwisha. Nodi yenye kumbukumbu (RAM) ya GB 4 haikupi GB 4. Mfumo wenyewe unajitengea sehemu yake, na mimi nilibakiwa na pungufu ya GB 3. Halafu kila programu ya sokoni inakuja na madai yake ya kumbukumbu, hata kama kwa siku inapata wageni kumi. Ukurasa wa kusakinisha haukunionya. Nilikuja kulijua kwa kuendesha amri ya kubectl describe (kubectl ndicho chombo cha kuiamrisha klasta) na kusoma mistari ya mwisho kabisa. Anayeanza aizoee amri hiyo kabla ya nyingine zote.

Kitu cha pili ni milango. Kwangu kila programu ya tovuti niliyoitoa sokoni ilijifungulia load balancer yake, yaani mlango wake wa kupokea wageni kutoka intaneti, na milango hiyo inalipiwa hata asipoingia mtu. Wateja saba ni milango saba mitupu! Dawa yake ni kuweka Ingress, mlango mmoja wa mbele unaosoma jina la kikoa na kumpeleka mgeni kwa mwenyeji wake. Ilinichukua siku mbili kuipanga pamoja na vyeti vya usalama, na bili ikashuka palepale.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Sisi Tanga tuna msemo wetu: waja leo, waondoka leo. Podi ndivyo zilivyo. Moja ikifa, nyingine inazaliwa kwenye nodi ya jirani, na wewe hata habari huna. Diski lakini ni mkazi. Desemba ile nilijaribu programu nyingi za sokoni, nikazifuta, nikaamini zimekwenda. Bili ya Januari ilikuwa na diski tisa ambazo sikuzitambua. Ukifuta programu, diski zake hazifutwi pamoja nayo. Zimeachwa kwa makusudi, ili data isipotee kwa bahati mbaya, na unaendelea kuzilipia mpaka uzitafute na kuzifuta mwenyewe. Fedha yenyewe haikuwa ya kufilisi mtu, ila nilikasirika, kwa sababu hakuna mahali nilipoambiwa.

Hasira hiyo iliisha Machi, usiku wa Jumamosi. Nilikuwa nafuta nakala ya majaribio ya duka la mama wa viungo, nikafuta duka lenyewe. Majina yalifanana, tofauti ilikuwa tarakimu moja mwishoni. Haikupita robo saa simu ikaita.

"Mwanangu, mbona duka langu limekuwa jeupe?"

"Shikamoo mama. Nimekosea mimi. Nipe nusu saa."

"Marahaba. Na oda zangu je?"

Sikuwa na jibu. Nikaorodhesha diski, na mikono haikuwa imetulia. Zilikuwepo zote mbili, ya hifadhidata na ya picha. Nikasakinisha upya kutoka sokoni kwa jina lilelile, kwenye namespace ileile, na podi mpya zikazidaka diski za zamani kwa majina yake. Lakini tovuti ikakataa kufunguka: imeshindwa kuingia kwenye hifadhidata. Hapo nikatulia nikafikiri. Kila ukisakinisha, soko linatunga nenosiri jipya la hifadhidata. Diski ya zamani inalijua la zamani tu. Ya kale nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari siku ya kwanza, kwa kalamu, kwa sababu marehemu baba alinifundisha kuandika kila kitu kinachofungua mlango. Nikalirudisha kwenye Secret, mahali klasta inapotunzia manenosiri, nikaifuta podi ili iwake upya, na duka likarudi na oda zake zote, ikiwemo ya kilo 40 za iliki iliyokuwa inasubiri kupelekwa Dodoma. Ilikuwa imepita saa moja na dakika kumi. Tangu usiku ule kila hifadhidata inatolewa nakala saa tisa alfajiri na kupelekwa nje ya klasta, maana diski kubaki si sawa na kuwa na nakala.

Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nilijifunza kingine. Klasta yangu iko Ulaya na haikutikisika; wanunuzi wa mama walioko nje walikuwa wanaingia kama kawaida. Sisi tuliopo hapa ndio tuliosota, na shule haikuweza kufungua mfumo wake wa ada. Kwa hiyo mfumo wa shule una nakala ndogo kwenye kompyuta ya ofisi ya mhasibu, ya kusoma tu.

Kuhusu masasisho, tofautisha mawili. Kubernetes hutoa matoleo matatu kwa mwaka, na kampuni inapandisha klasta yenyewe bila kuniuliza. Programu za sokoni hazipandi zenyewe. Hiyo ni kazi yangu kila mwezi, na baadhi ya vifurushi vinachelewa sana kusasishwa na wenye kuvitengeneza. Kabla ya kuchagua naangalia tarehe ya toleo la mwisho. Kikiwa kimelala mwaka mzima, nakiacha.

Nampa nani ushauri wa kuichukua? Mwenye tovuti moja au mbili asijisumbue, hosting ya kawaida inamtosha na bei yake ni ndogo mno kulinganisha na hii. Mwenye wateja watano kwenda juu, anayejua kutumia kubectl bila kuogopa, hii itampa usingizi. Mimi nalipa pungufu ya nilivyokuwa nalipia zile seva saba, na sijaamshwa usiku kwa diski iliyojaa tangu Februari mwaka ule.

Kwa kampuni nina ombi moja, nami nimeshaliandika kwenye fomu yao ya maoni mara mbili. Pale kwenye kitufe cha kufuta programu, wekeni mstari mmoja unaosema diski zipi zinabaki, zina GB ngapi, na zitatozwa kiasi gani kwa mwezi.