Sponji ya kochi la zamani: nunua kwa mizani, achana na kidole gumba

Malalamiko yanayoniingia kwenye simu yanafanana mno. Mtu kachukua seti ya makochi ya mninga aliyoachiwa na wazazi, kapiga msasa, kapaka vanishi, kanunua kitambaa kizuri Kariakoo, fundi kamshonea, picha kaziweka status na pongezi kapata. Mwezi wa tatu au wa nne ananiandikia: "Dada, kochi limezama katikati, ukikaa unagusa mbao." Halafu anataka nimtajie fundi mwingine, au kitambaa kigumu zaidi. Kitambaa hakina kosa lolote hapo. Kilichokufa ni sponji, na dukani hakuna aliyeiuliza hata swali moja, kwa sababu akili yote ilikuwa kwenye rangi ya velveti.

Kwa hiyo leo rangi na kitambaa nitavipitia mbio. Mbao za zamani zioshe kwanza kwa maji ya sabuni, maana sehemu za kuwekea mikono zina mafuta ya miaka na vanishi haishiki juu ya mafuta. Piga msasa namba 120, malizia na 220, futa vumbi, ndipo upake. Ukitaka rangi ya mafuta, tanguliza undakoti, na usilikalie kochi kesho yake hata kama mkono unaona pakavu. Na tafadhali, mninga au mkongo mzuri usiupake rangi nyeupe eti kwa sababu umeona Pinterest. Rangi iache kwa mbao za kubahatisha. Kitambaa cha makochi kwa kawaida kina upana wa inchi 54. Kinyooshe kwenye mwanga, kivute kwa mshazari, ukiona nyuzi zinaachana rudisha. Cha mapazia kiache kwenye mapazia. Basi, tuingie kwenye sponji.

Ugumu si uzito. Hili ndilo linalowaponza watu. Muuzaji anakwambia "bonyeza uone," unabonyeza kwa kidole gumba, sponji inakusukuma, unaridhika. Kiwanda kinaweza kutengeneza sponji nyepesi ikawa ngumu, na nzito ikawa laini. Kidole hakiwezi kukutofautishia. Kinachoamua kama kikalio kitaishi ni densiti, yaani kilo ngapi za sponji ziko ndani ya mita moja ya ujazo. Inayobaki ni hewa. Sponji nyepesi ina kuta nyembamba zinazozunguka hiyo hewa, na ukizikalia kila jioni wakati wa taarifa ya habari zinavunjika, haziinuki tena. Ndiyo maana shimo huanzia pale anapokaa baba.

Kwa kikalio usishuke chini ya densiti 30. Mgongo hata 20 inatosha, kwa sababu haubebi uzito wa mtu, na ukiweka nzito kote utatupa hela na wageni watakaa wima kama wako mahakamani.

Sasa ukifika dukani kila sponji ni "hai densiti". Uliza namba, utaona macho yanavyozunguka. Kama haikuandikwa popote, pima mwenyewe. Zidisha urefu, upana na unene kwa inchi, kisha gawanya kwa 61,000. Umepata mita za ujazo. Chukua uzito wa sponji kwa kilo, gawanya kwa hiyo namba. Mfano: shiti la futi 6 kwa 3, unene inchi 4, ni 72 mara 36 mara 4, yaani 10,368. Ukigawanya kwa 61,000 unapata 0.17. Shiti likiwa na kilo 5.4, densiti yake iko karibu na 32, chukua. Likiwa na kilo 3.4, hiyo ni 20, sponji ya mgongo inayouzwa kwa bei ya kikalio. Mizani ni ile ya kuning'iniza ya kupimia mabegi ya safari. Inaingia kwenye mkoba. Huna? Duka la mchele haliko mbali, omba.

Unene nao pima kwa futi kamba yako, usisome kilichoandikwa kwa makapeni. Inchi 4 nyingi za mjini ni tatu na nusu. Na ukishapima, pindua shiti uangalie upande uliokatwa. Sponji nzuri ina vitundu vidogo vinavyolingana. Ukiona matundu makubwa sehemu moja na sehemu nyingine imebana kama imeungua, hilo ni pande lililokatwa pembeni mwa bonge la kiwandani. Pia sugua kipande kwenye nguo nyeusi. Viwanda vingine huchanganya unga wa chokaa ili uzito upande, kwa hiyo mizani peke yake inaweza kudanganywa. Ukiona unga mweupe umebaki kwenye nguo, ondoka. Rangi ya njano isikutishe sana, sponji yoyote nyeupe hugeuka njano ikikaa kwenye hewa na mwanga. Inaonyesha tu kwamba imekaa dukani muda.

Namba moja kwangu ni sponji ya HR (high resilience, yaani inayorudi haraka ikibonyezwa), densiti 32 kwenda juu, iliyokatwa kwa vipimo vyako. Hii ukiibonyeza hairudi kwa kujikokota, inakurushia mkono. Na hapa nasema wazi: mimi ni mtu wa Tanfoam ya Arusha, hawajanilipa na wala hawanijui. Matakia niliyowahi kuyafungua ya kwao, vifuniko vimechakaa kabisa lakini sponji bado inafaa kuvishwa upya, na mimi hicho ndicho ninachokitafuta kwenye sponji. Wasomaji wangu wa Kenya watanitajia Vitafoam na Superfoam, sawa, kila mtu na dini yake. Ila jina lisikulevye. Kiwanda kimoja kinatoa madaraja mengi, na muuzaji anaweza kukupa jina kubwa la daraja la chini kabisa bila kusema uongo hata neno moja. Mizani itoke mkobani hata mbele ya jina unalolipenda.

Ukikata, mwambie fundi aache nusu inchi ya ziada kila upande kuliko kifuniko, ili kona zijae. Kisha izungushie pamba ile nyeupe ya shiti kabla ya kuivisha. Haiongezi maisha ya sponji ila inaficha kingo na kitambaa kinateleza vizuri kuingia. Watu wanaiacha kubana matumizi, halafu wanashangaa kwa nini kochi lao lina pembe za sanduku.

Namba mbili ni mchanganyiko ninaoupenda zaidi ya ninavyoukubali hadharani: inchi moja au mbili za sponji ya kusagwa chini, ile yenye madoadoa ya rangi iliyogandishwa kutokana na mabaki, na juu yake inchi 3 za sponji ya kawaida ya densiti 30. Zigundishwe pamoja, zisiwekwe tu. Sponji ya kusagwa ni nzito na haizami, lakini ukiikalia peke yake mapaja yatakusimulia. Hiyo ya juu ndiyo inayokupokea. Kwa makochi ya zamani yenye mbao ngumu chini badala ya springi au mikanda ya mpira, mchanganyiko huu unafaa kuliko hata namba moja. Yenye mikanda, ikague kwanza; mkanda uliolegea utaiua sponji yoyote, ya Arusha au ya peponi.

Namba tatu: sponji ya kusagwa peke yake. Viti vya meza ya chakula, stuli, benchi la barazani. Basi.

Namba nne: godoro la zamani kukatwa. Kama ni la nyumbani kwako, lilikuwa zito na halina bonde, kata pembeni ambako halikulaliwa. La kununua mtaani usiingize ndani, kunguni hawana nauli.

Mifuko ya chenga za sponji sitaipa namba. Inajaza mto wa mkono, haijazi kikalio.

Kuhusu bei sitaandika shilingi, kwa sababu nikiandika leo kesho mtanitukana. Ninachoweza kusema ni kwamba kuna bei ya mwenye mkoba, kuna bei ya mwenye gari, na kuna bei ya aliyekuja na fundi. Ya mwisho ndiyo kubwa, maana ndani yake kuna cha juu cha fundi. Sina ugomvi na fundi kupata chochote, muda wake ni mali. Ugomvi wangu ni pale cha juu kinapotafutwa ndani ya takia. Unalipia nzito, anaweka nyepesi, anashona kifuniko pande zote nne, hakuna zipu. Utafunguaje? Kwa hiyo sema tangu siku ya makubaliano: zipu ndefu nyuma ya kila takia, na siku ya kupokea mzigo utazifungua mbele yake. Fundi mwaminifu hatakasirika, na mwingine atagundua ghafla kwamba ana kazi nyingi mwezi huu. Nenda dukani mwenyewe, chukua risiti ya EFD, na muuzaji aandike juu yake unene na densiti. Akikataa kuandika kile alichokutamkia dakika mbili zilizopita, umeshajua.

Halafu kuna hili la mabaki, ambalo kila nikilikumbuka presha inapanda. Unanunua shiti zima, unalipa shiti zima, unalipa tena hela ya kukatiwa, kisha vipande vinavyobaki vinasukumwa kwa mguu chini ya meza. Jioni vinaingia kwenye mfuko na kuuzwa kwa mwingine kama chenga. Nimewahi kuviomba vyangu nikaambiwa, "Mama, hivyo ni uchafu tu, utabeba vya nini?" Uchafu wenye bei? Vidai vyote kabla kisu hakijashuka, na mpangie mkataji vikalio kwenye shiti kwa kalamu ili mabaki yatoke kwa vipande virefu badala ya vikona. Kipande cha inchi 6 kwa urefu wa shiti kinatosha kuvisha sehemu mbili za kuwekea mikono, ambazo fundi alikuwa ameshakuandikia sponji yake ya pembeni kwenye hesabu.